Kujaza slagi za shotigani mwenyewe: dalili za presha iliyozidi hufika zimechelewa

#1 FundiMtutu

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna swali linalojirudia sana. Mtu kajaza slagi zake (risasi za shotigani za kipande kimoja), kaenda kupiga, kaokota maganda, kapiga picha ya fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na kuuliza, "Wadau, presha hapa iko sawa?" Majibu anayopewa mara nyingi ni ya watu wanaojaza risasi za raifali. Kwenye shotigani majibu hayo yanaweza kumtoa mtu vidole.

Kabla sijaenda mbali: kuna nchi ambako mwenye leseni ya silaha anaruhusiwa kujaza risasi nyumbani, na kuna ambako ni kosa la jinai. Ulizia kwenu kwanza. Kama hairuhusiwi, soma upate kuelewa silaha yako na uishie hapo.

Twende kwenye namba. SAAMI, chombo kinachoweka viwango vya risasi na silaha Marekani, kimeweka kikomo cha presha cha geji 12 (geji ni ukubwa wa tundu la mtutu) kuwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 11,500 kwa ganda la inchi 2¾ na la inchi 3. La inchi 3½ ni psi 14,000. Geji 20 ni psi 12,000. Ulaya wanaofuata C.I.P., chombo cha kimataifa cha viwango vya silaha, wana bar (kipimo kingine cha presha) 740 kwa geji 12 ya kawaida na bar 1,050 kwa zile za nguvu kubwa. Sasa chukua raifali: .30-06 kikomo chake ni psi 60,000, na .308 ni psi 62,000.

Shotigani inafanya kazi chini ya moja ya tano ya presha ya raifali, na mtutu wake umechongwa mwembamba kwa sababu hiyo. Dalili tulizozoea kwenye raifali, yaani fataki kubapa, shaba ya kitako kuingia kwenye tundu la kitoa ganda, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya ganda) kukataa kufunguka, hutokea pale shaba inaposhindwa kustahimili makumi ya maelfu ya psi. Ukingoja kuziona kwenye geji 12, utakuwa umeshavuka kikomo mara kadhaa. Mtutu hautakungoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nitautetea: kwenye slagi, dalili za presha ni amri ya kusimama. Si kifaa cha kutafutia chaji (kiasi cha baruti). Ulinzi wako ni kipimo kilichopimwa maabara na kuchapishwa, ukifuate kama kilivyo: ganda lile lile, fataki ile ile, baruti ile ile, kizibo kile kile (kinachokaa kati ya baruti na slagi), slagi ile ile, mdomo uliofungwa kwa namna ile ile.

Uwanja ni wenu.

#2 Kware_Mwitu

Mkuu FundiMtutu asante kwa uzi. Mimi ni mgeni kwenye kujaza, naomba kueleweshwa. Fataki ya 209, hii ya shotigani, ikibapa kabisa, hiyo si dalili? Nimeona picha mtu kaweka alama nyekundu kwenye fataki iliyobapa.

#3 FundiMtutu

Swali zuri, ndugu yangu. Fataki ya 209 si kama ya raifali. Kikombe chake ni laini, kimetengenezwa kipigwe na pini kwenye silaha ya presha ndogo. Inaweza kubapa kwa presha ya kawaida kabisa kama kuna nafasi kidogo kati ya ukingo wa ganda na uso wa bolti, kwa sababu ganda linarudi nyuma na fataki inagonga chuma. Tundu la pini likiwa pana utaona chuma cha fataki kimevimba kulizunguka. Chukua risasi moja ya kiwandani, bunduki mbili tofauti, utapata fataki mbili zenye sura tofauti.

Upande wa pili ndio unaonitisha zaidi. Fataki inaweza kutoka nzuri, ya duara, haina hata mkwaruzo, na presha ilikuwa imeshapita kikomo. Picha ya fataki peke yake haithibitishi usalama.

#4 Bwana_Mizani

Naunga mkono hoja, na ninaongezea kuhusu vitako. Wengi wanapima kipenyo cha kitako kwa maikromita kabla na baada, kama wafanyavyo wa raifali. Shika sumaku uilete kwenye maganda yako. Mengi yatanata, kwa sababu kitako ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu. Chuma hicho hakivimbi kama shaba, kwa hiyo kipimo ulichokariri kutoka kwenye ganda moja hakina maana kwenye jingine.

Ukitaka kupima, piga kwanza risasi ya kiwandani yenye ganda la aina hiyo hiyo kwenye bunduki hiyo hiyo, pima kitako chake, kisha linganisha na cha kwako. Cha kwako kikiwa kipana zaidi, acha. Kikilingana, hujathibitisha chochote.

#5 Mzee_Pori

Vijana, salaam. Mimi nimejaza raifali na shotigani miaka mingi. Utaratibu wangu ni ule ule: naanza chini asilimia kumi, napanda kidogo kidogo, nikiona ugumu wa kufungua narudi nyuma. Bado niko hai na vidole vyote. Naona mnatisha watu bure.

#6 FundiMtutu

Shikamoo Mzee. Naheshimu uzoefu wako, ila hapa nitatofautiana na wewe waziwazi, kwa sababu wanaosoma ni wengi na wengine ndio kwanza wananunua mashine.

Kupanda kutoka chini kunafaa kwenye raifali kwa sababu mbili: kuna ishara zinazojitokeza karibu na kikomo, na silaha imejengwa kuzihimili. Shotigani haina vyote viwili. Bunduki ya kuvunja (inayokunjwa katikati kuifungua) ikianza kuwa ngumu kufungua, au ganda likanata chemba (sehemu ya mtutu linapokaa ganda), hujafika "karibu" na kikomo. Umeshakipita.

Na kushuka chini asilimia kumi nako kuna hatari yake. Baruti ya shotigani inahitaji presha fulani ili iungue vizuri. Ukipunguza sana, ukichanganya na baridi au mdomo uliofungwa kwa ulegevu, unapata mlio mdogo, punje za baruti ambazo hazijaungua, na kizibo kimebaki kwenye mtutu. Risasi inayofuata inakutana nacho. Ndiyo maana vitabu vya vipimo vya shotigani vinatoa chaji moja kwa kila mchanganyiko, wala havikupi safu ya kuanzia na kumalizia kama vya raifali.

#7 Mzee_Pori

Marahaba. Hilo la kizibo kubaki nakubali, nimeshuhudia kwa jirani yangu kwenye mstari wa kulenga. Lakini nina kipima mwendo. Kama slagi yangu inakwenda mwendo ule ule wa kiwandani, presha si itakuwa ile ile?

#8 Bwana_Mizani

Hapana Mzee, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mwendo ni jumla ya msukumo wote tangu chemba hadi mdomo wa mtutu. Presha ya hatari ni kilele kimoja kifupi, na kinatokea slagi ikiwa ndio kwanza imetoka kwenye ganda.

Slagi ya kiwandani ya aunsi 1, geji 12, inatoka kwa takriban futi 1,600 kwa sekunde, karibu mita 488. Baruti ya polepole inaweza kuufikia mwendo huo ikibaki ndani ya kikomo, kwa sababu inasukuma kwa muda mrefu. Baruti ya haraka ikilazimishwa kufika huko inapandisha kilele juu sana. Kipima mwendo kitakuonyesha namba ile ile kwa zote mbili.

Kinachofaa ni upande mmoja tu: kama kitabu kinasema futi 1,300 na wewe unapata 1,450, basi kuna kitu hakilingani na kipimo, na usipige nyingine. Ukipata 1,300 hujaambiwa kwamba presha iko sawa.

#9 Kware_Mwitu

Sasa naanza kuelewa. Swali la pili: kubadilisha ganda au fataki kunaleta tofauti kubwa kiasi hicho? Nilidhani 209 zote ni moja, na maganda ya inchi 2¾ yote ni sawa.

#10 FundiMtutu

209 ni ukubwa wa fataki, haisemi nguvu yake. Fataki za Federal 209A zinajulikana kuwa kali kuliko nyingi, na kuiweka mahali pa fataki laini, kila kitu kingine kikibaki vile vile, kunaweza kuongeza psi elfu kadhaa. Kama kipimo chako kilikuwa psi 10,500, fanya hesabu mwenyewe.

Maganda nayo: chukua mawili, yakate katikati kwa urefu kwa kisu cha karatasi, uyalaze mezani. Moja utakuta ukuta wake ni wa plastiki iliyosukumwa kipande kimoja, mnene chini na unakwenda ukipungua juu. Jingine ni bomba lililonyooka, na chini kuna kitako cha ndani kilichotengenezwa peke yake, kifupi au kirefu kutegemea mtengenezaji. Nafasi ya baruti si moja. Chaji ile ile kwenye nafasi ndogo inapanda presha haraka zaidi. Kwa nje yote ni mekundu, yote ni inchi 2¾.

Na kwa kuwa nimetaja kitako cha ndani: kwenye maganda ya aina hiyo yaliyochoka, kitako hicho kinaweza kung'oka kikaingia mtutuni. Baada ya kila mlio unapojaribu mchanganyiko mpya, fungua, toa ganda, angalia ndani ya ganda kama kitako kipo, kisha tazama mwanga ndani ya mtutu. Ni sekunde chache.

#11 Chuma_Laini

Habari wakuu. Mimi nasubu slagi mwenyewe, naomba niingie hapo, maana uzi mzima mmeongelea baruti na hamjagusa risasi yenyewe.

Wengi tunatumia slagi za aina mbili. Kuna ile ya Foster, yenye uvungu nyuma na uzito mbele, iliyobuniwa na Karl Foster mwaka 1931. Hiyo ina ngozi nyembamba na madini laini ya risasi, kwa hiyo inajibana kwenye choki (sehemu iliyobanwa karibu na mdomo wa mtutu). Halafu kuna slagi ya Lee inayokaa ndani ya kizibo cha kawaida cha marisau (vidonge vidogo vya risasi), na mdomo unafungwa kwa mkunjo wa nyota. Zile za Brenneke, ambazo asili yake ni Ujerumani mwaka 1898, ni nzito na zina kizibo kilichofungwa kwa skrubu nyuma.

Tatizo ni kwamba mtu anapata kalibu (umbo la kumiminia), anayeyusha chochote kilichopo: vizito vya magurudumu, herufi za zamani za kuchapia, mabaki ya betri (hayo ya betri tafadhali usiguse kabisa, yana sumu inayotoka kama gesi). Madini ya risasi ngumu yenye antimoni yakimiminwa kwenye kalibu ile ile slagi inatoka nyepesi kidogo kuliko ya laini, lakini kipenyo chake kinakuwa kikubwa kidogo, kwa sababu inasinyaa kidogo zaidi ikipoa. Mtu anaiweka kwenye mizani, anaona imepungua uzito, anafurahi kwamba presha itakuwa chini. Kumbe inakwenda kubana zaidi na haibonyei.

Pima hivi: weka kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwenye jani la kizibo, yaani ukuta wake wa pembeni, upate unene wake, zidisha kwa mbili, ongeza kipenyo cha slagi. Linganisha na kipenyo cha mtutu wako wewe, si cha kwenye kitabu. Geji 12 kwa jina ni milimita 18.5, lakini mitutu inatofautiana. Choki kamili hubana karibu milimita 0.9 zaidi. Kisha vua mtutu kwenye bunduki, uweke slagi na kizibo chake upande wa chemba, sukuma kwa kijiti cha mbao. Ipite kwa kubanwa kidogo, nguvu ya mkono itoshe. Ukihitaji nyundo, slagi hiyo irudi kwenye sufuria.

#12 Mzee_Pori

Chuma_Laini, hili la risasi ngumu kuwa pana nilikuwa silijui, na kalibu ninalo mwaka wa ngapi sijui. Asante sana kijana.

#13 Msomaji_Kimya

Mimi huwa nasoma tu lakini leo nauliza. Nina kipimo cha marisau ya aunsi 1 kilichochapishwa. Slagi yangu ni aunsi 1. Uzito ni ule ule, si naweza kuweka slagi mahali pa marisau?

#14 FundiMtutu

Usifanye hivyo mpaka uwe na kipimo kinachotaja slagi hiyo. Marisau yakisukumwa yanabanana na kusukuma kuta za kizibo pande zote. Slagi ni kipande kimoja. Inagusa mtutu kivyake, na urefu wake ndani ya ganda unabadilisha kina cha mkunjo. Presha inaweza kushuka na inaweza kupanda, na huwezi kujua kwa kuangalia. Watengenezaji wa kalibu za slagi wana vipimo vyao, tumia hivyo.

Na mdomo wa ganda ni sehemu ya kipimo. Kipimo kikisema mkunjo wa nyota usiviringe, kikisema kuviringa usikunje nyota. Mkunjo uliozama zaidi ya inavyotakiwa unaongeza presha hata kama chaji ni sahihi kabisa.

#15 Bwana_Mizani

Nyongeza kwa wenye bunduki za zamani, maana hapa kuna mtego. Urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda likiwa limeshafunguka, baada ya mlio. Risasi ya milimita 70 iliyokunjwa inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya milimita 65, unafunga bunduki bila shida. Ikipigwa, mdomo unafungukia kwenye koni ya mbele ya chemba, njia inakuwa nyembamba na presha inapanda. Pima chemba kabla hujajaza hata moja.

#16 Kware_Mwitu

Wakuu, tukubali kwamba dalili zinachelewa. Lakini bado nataka nizijue. Nikiwa pale uwanjani, nini kinifanye niweke bunduki chini?

#17 FundiMtutu

Haki yako kabisa. Naandika kama zinavyonijia.

Ganda lisilotoka kwa urahisi, hasa kama lile la kiwandani linatoka kwa kidole. Bunduki ya kuvunja inayokuwa nzito kufungua. Ya kujipakia yenyewe inayorusha maganda mbali kuliko kawaida au kugonga kwa nguvu nyuma. Masizi meusi kuzunguka fataki, maana yake gesi imepita pembeni. Fataki iliyolegea au kudondoka ukilitoa ganda, hiyo ni kubwa sana. Kitako chenye ufa, au bomba la plastiki lililoanza kuachana na kitako. Alama mpya ya kitoa ganda iliyochongeka kwenye ukingo. Teke lililobadilika kwa ghafla, likawa kali na la haraka, na mlio wenye mkwaruzo badala ya mshindo.

Okota na vizibo mbele yako. Kikombe cha chini kikiwa kimetoboka au kimeyeyuka upande mmoja, gesi inapita, na slagi na kizibo havikai vizuri mtutuni.

Moja tu kati ya hizo ikitokea, umemaliza kupiga siku hiyo na mchanganyiko huo. Usipige ya pili "kuhakikisha".

Na mlio hafifu nao uhesabu. Mlio mdogo, teke dogo: subiri mdomo wa mtutu ukiwa upande salama, pakua, angalia ndani.

#18 Chuma_Laini

Kwa wanaokagua bunduki ya mtu mwingine, mahali palipoharibika panaeleza mengi. Mtutu ukipasuka kwenye chemba au inchi chache mbele yake, mara nyingi ni presha: chaji mara mbili au mchanganyiko mbaya. Ukiona uvimbe wa duara kama pete mbele huko, au mpasuko katikati ya mtutu, tafuta kizuizi: kizibo, kitako cha ndani, au ganda la geji 20 lililoingia geji 12 na kukwama mbele ya chemba. Ndiyo maana maganda ya geji 20 yanatengenezwa ya njano. Usiyachanganye kwenye mfuko mmoja, hata kwa dakika moja.

#19 Msomaji_Kimya

Hiyo chaji mara mbili inazuiwaje? Nafikiria kupima risasi zilizokamilika kwenye mizani.

#20 Bwana_Mizani

Mizani mwishoni haitoshi. Chaji yenyewe ni makumi machache ya greni (kipimo kidogo cha uzito). Slagi ya aunsi 1 ina greni 437.5, na zako za kusubu zinaweza kutofautiana greni kadhaa. Ongeza tofauti za maganda na vizibo, mchezo wote unafichika humo, hasa chaji iliyozidi kwa nusu.

Weka maganda yote kwenye ubao wenye matundu, yakiwa yamejazwa baruti na bado hayana vizibo. Taa ya juu. Pitisha jicho safu kwa safu. Ukiwa na mashaka ingiza kijiti chenye alama. Iliyozidi inaonekana mara moja, na isiyo na baruti pia. Ndipo uweke vizibo.

Na mashine zinazopima baruti kwa bushi (kipande chenye tundu la kubeba chaji): jedwali linakupa namba, lakini bushi yako inaweza kutoa nyingine kutegemea mtikisiko wa mkono wako. Mwaga chaji kadhaa, pima kila moja kwa mizani ya greni, kabla ya kuanza na tena ukifungua kopo jipya.

#21 Mzee_Pori

Nina sanduku la slagi nilizojaza kwa utaratibu wangu ule wa kupanda, nimebadilisha fataki katikati na sikuandika zipi ni zipi. Naona sitazipiga tena. Nazifunguaje bila kuleta balaa?

#22 FundiMtutu

Mzee, umefanya la maana kuuliza. Miwani ya usalama kwanza, na hakuna moto wala sigara chumbani. Kata mdomo wa ganda kwa kisu kikali juu ya slagi, ukielekeza kisu mbali na vidole, usikate chini kwenye baruti. Slagi itoe, isiyokwaruzwa ihifadhi. Vuta kizibo kwa koleo. Baruti imwage pembeni na usiirudishe kwenye kopo lolote, hata kama una hakika ni ipi. Kiasi kidogo kidogo, nje, tabaka jembamba juu ya udongo mtupu, iungue kwa njiti ndefu ukiwa umesimama upande upepo unakotokea.

Maganda yenye fataki hai usizigonge kuzitoa. Yaloweke kwenye mafuta siku kadhaa, kisha peleka mahali wanapopokea risasi chakavu.

Ukianza upya, bandika karatasi kwenye kila sanduku: ganda, fataki, baruti na namba ya kopo, chaji, kizibo, slagi, aina ya mkunjo, tarehe.

#23 Mzee_Pori

Nimeelewa. Nimeshaleta sanduku mezani, ni 38. Chuma_Laini, nikimaliza nitakuletea hapa vipenyo vya slagi za kalibu langu, za laini na za ngumu, uniambie zipi zirudi kwenye sufuria.

#24 Chuma_Laini

Lete Mzee. Weka na kipenyo cha mtutu na unene wa jani la kizibo, bila hivyo viwili siwezi kukujibu.